Kibuyu cha Mzee, Kibao cha Serikali

*Michoro ya miambani ya Kondoa ni urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Kwa wenyeji wa Kolo, baadhi ya miamba hiyo ni mahali pa kuombea mvua. Aliyelipa kiingilio akapanda kwenye miamba hiyo, ameingia wapi?*

KOLO, KONDOA. Doa lilikuwa na rangi ya uji uliokauka. Juu lilikuwa na upana wa kiganja, kisha likachuruzika hadi kwenye ufa wa mwamba. Shibiri moja kutoka hapo alisimama twiga mwekundu, shingo imepinda kidogo kama aliyesikia kitu.

Nilidhani ni mkojo wa pimbi. Wanyama hao wamejaa kwenye miamba ya huku, na mikojo yao huacha michirizi inayomdanganya mgeni. Kijana aliyekuwa akituongoza akatikisa kichwa. Ni pombe ya mtama, akasema. Kuna watu walipanda juzi, wana shida yao. Hakuongeza neno, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelazimika kumtajia mgeni jambo la ndani ya nyumba.

Kwa mhifadhi, doa lile ni uharibifu wa malikale. Kwa aliyeliacha, ni dua. Makala hii inalihusu doa hilo.

Lami imefika, mgeni anapita

Zamani kufika Kolo kulikuwa safari ya kuagana na watu. Masika yakichachamaa, malori yalilala njiani na abiria wakalala nayo. Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi Aprili 2018, na siku hizi ukipanda basi la alfajiri Dodoma unafika Kolo jua halijawa kali. Basi halikai. Konda anagonga bodi mara mbili, unabaki na mfuko wako mbele ya kibao.

Hii ndiyo barabara ya kale ya kutoka kusini kwenda kaskazini mwa Afrika, ile ambayo wakoloni wa Kiingereza waliota kuiunganisha kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Leo magari ya watalii huitumia kukimbilia Tarangire na Manyara. Mengi yanapita Kolo bila hata kupunguza mwendo.

Ukishuka, utaikuta ofisi ya mambo ya kale na makumbusho madogo. Unalipa, unaandika jina lako kwenye kitabu cha wageni, unapewa muongozaji. Jina la mwisho juu ya langu lilikuwa la siku tisa nyuma.

Kutoka hapo ni kama kilomita tisa za vumbi kuelekea mashariki. Unavuka mto wa mchanga, ambao kiangazi ni njia ya ng'ombe na masika ni mto kwelikweli. Gari linaishia chini ya mlima. Kinachofuata ni miguu na pumzi, na kwa sisi tuliozoea kukaa ofisini, kuna mahali inabidi kujifanya unatazama mandhari ili upate kupumzika. Bahati nzuri mandhari ipo: nyika ya Wamasai imejitandaza chini, mibuyu imekuwa midogo kama vijiti vya kiberiti.

Miamba yenyewe imening'inia kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mapande makubwa ya mawe yaliyoegemeana, mengine yakitoka nje kama ukingo wa paa. Chini ya mapaa hayo ndipo ilipo michoro. Eneo lililoandikishwa UNESCO lina kilomita za mraba 2,336, na mahali penye michoro ni zaidi ya 150. Kolo, Pahi, Fenga na Thawi ni majina tu ya mahali ambapo mgeni hupelekwa.

Wekundu na weupe

Jicho huanza kwa kuona wekundu. Watu warefu kupita kiasi, wembamba kama fito, wengine wana vichwa vilivyotuna kama waliovaa kilemba au wenye nywele zilizofumwa. Wapo twiga, tembo, pofu na swala. Rangi ni ngeu, udongo mwekundu wenye chuma, uliosagwa na kukorogwa.

Wanaakiolojia wengi huihusisha michoro hiyo na wawindaji na wakusanya matunda, jamii zenye undugu na Wasandawe na Wahadzabe wa leo. Umri wake unabishaniwa. Mwamba hauchimbiki tabaka kwa tabaka kama ardhi, na ngeu haiachi kitu rahisi cha kupima. Lakini chini ya miamba palichimbwa. Kwenye pango la Kisese, mwaka 1956, mwanaakiolojia Ray Inskeep aliibua zana za mawe na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Vipimo vya karibuni vinazipa shanga kongwe zaidi ya miaka 40,000. Kwa hiyo watu walikuwa wakijipamba hapa wakati ambao wengi wetu hatuwezi hata kuuwazia.

Michoro myeupe ni mipya zaidi na mizitomizito, mara nyingi imepakwa kwa kidole, na hapa na pale imelala juu ya ile myekundu. Hiyo huhesabiwa kuwa kazi ya wakulima wa Kibantu waliokuja baadaye. Pahi ndiko inakoonekana vizuri. Wageni wengi hawaipendi, wanasema ni ya kitoto. Mimi niliitazama kwa muda mrefu kuliko mingine, kwa sababu waliochora hawakwenda kutafuta mwamba mtupu. Walichagua ukuta uleule uliokwisha kutumiwa na waliowatangulia.

> Waliochora kwa rangi nyeupe hawakwenda kutafuta mwamba mtupu. Walichagua ukuta uleule.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alipiga kambi Kondoa mwaka 1951, akanakili michoro kwa karatasi angavu, mwamba baada ya mwamba. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983, na kwenye jina lake la Kiingereza aliiita sanaa ya Afrika inayotoweka. Mchoro mmoja wa Kolo aliupatia maelezo yaliyopata umaarufu: watu watano, wa katikati ni mwanamke, wawili wa upande mmoja wamevaa vinyago na wanamvuta, wawili wa upande wa pili wanamzuia. Utekaji, alisema.

Wengine hawakukubali. David Lewis-Williams, aliyezoea michoro ya kusini mwa Afrika, alipoitazama ya Kondoa aliona watu waliopandwa na maruhani, miili imerefuka kwa sababu ndivyo wanavyojihisi. Mtafiti Imogene Lim alikwenda kwa Wasandawe wenyewe, ambao leo wengi wako wilaya ya Chemba, akaihusisha michoro na simbo, ngoma yao ya usiku ambamo mchezaji hugeuka simba. Kabla yake, mwaka 1971, mtafiti Eric ten Raa alikuwa ameandika kwamba Wasandawe walikumbuka watu wao wakichora.

Mtanzania Fidelis Masao alizunguka miamba hii katika miaka ya 1970 kwa ajili ya shahada yake ya uzamivu, akachimba na kulinganisha. Ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba mgeni wa kawaida anashuka mlimani akiwa na jina la Leakey kichwani na hajasikia la Masao.

Mongomi wa Kolo

Warangi, wenyeji wa Kolo, hawadai kwamba babu zao walichora michoro myekundu. Wanachosema ni kwamba walipafikia mahali pakiwa tayari pana wenyewe, na wenyewe hao hawajaondoka. Mlima tuliopanda wanauita Mongomi wa Kolo, na ndani yake, kwa imani yao, imo mizimu.

Mvua ikikawia, wazee hupanda. Huchinjwa mbuzi au kondoo, humwagwa pombe ya mtama au ulezi, husemwa maneno. Wagonjwa walioshindikana nao hupelekwa, wakiongozwa na mganga. Mwanaakiolojia Emmanuel Bwasiri ameandika kwa kina juu ya matumizi haya, na hoja yake kubwa ni kwamba utaratibu wetu wa uhifadhi unaliona jiwe na rangi, hauwaoni watu wanaolijia.

Mtu asidhani kijiji kizima kinapanda mlimani. Warangi wengi ni Waislamu, na upande wa Haubi kuna misheni ya Kikatoliki ya siku nyingi. Wapo wanaosema waziwazi kuwa matambiko ni ushirikina na wangefurahi yakikoma. Wapo wanaosali Ijumaa msikitini na mwaka wa njaa wanachangia mbuzi bila kulitangaza. Kijana mmoja pale barabarani, anayeendesha bodaboda, aliniambia yeye haamini mambo hayo hata kidogo. Nilipomuuliza kama angelala usiku mmoja kule juu, alicheka akawasha pikipiki.

Sheria inalinda jiwe

Mwaka 1937 Serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuhifadhi kumbukumbu za kale, na michoro ya Kondoa ikawekwa chini ya ulinzi. Baadaye vikajengwa vizimba: nguzo na wavu wa waya mbele ya mapango, kama mabanda ya kuku ya mtu mwenye uwezo. Wavu haukudumu. Waya ni waya, na kijijini una kazi mia. Leo, mahali pengine, utaona visiki vya nguzo tu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inakataza kuharibu, kubadili au kuchafua kumbukumbu bila kibali. Kwa kuisoma ilivyo, mzee aliyemwaga pombe shibiri moja kutoka kwa twiga ana kesi ya kujibu. Haimo ndani yake ibara inayotambua kwamba mahali pa kale panaweza kuwa na waumini hai.

Sasa tazama upande wa pili. Kondoa ilipoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni michoro yenyewe. Ya pili ni kwamba miamba hii bado inatumika kwa maombi ya mvua, uaguzi na tiba. Yaani kitu kilichoipa Kolo nusu ya heshima yake duniani ndicho ambacho sheria ya nyumbani haina jina lake.

> Kitu kilichoipa Kolo nusu ya heshima yake duniani ndicho ambacho sheria ya nyumbani haina jina lake.

Hofu ya wahifadhi si ya kubeza. Pombe ya nafaka ni chakula. Huleta ukungu na wadudu, na ikikauka hubandua rangi. Moto wa kuchomea nyama huacha masizi. Mchoro ukishafutika haurudi, na hakuna fundi wa kuuchora upya ukawa ule. Afisa anayeandika ripoti ya hali ya urithi kila baada ya muda anajua kwamba doa lile litaonekana kwenye picha.

Ila haki ni haki. Duniani kote penye michoro ya aina hii, wapiga picha na hata wasomi walikuwa na tabia ya kuimwagia maji ili rangi ing'ae kwenye kamera. Maji hubeba chumvi, chumvi hukausha na kupasua. Na huku Kondoa balaa kubwa kuliko kibuyu cha mzee yeyote limekuwa sururu. Kwa miaka mingi umezagaa uvumi kwamba Wajerumani, wakikimbia katika Vita Kuu ya Kwanza, walificha dhahabu mapangoni. Watu wamechimba chini ya michoro usiku, wamepasua mawe, wameharibu matabaka ambayo mwanaakiolojia angeyasoma kwa brashi. Dhahabu hawajaiona. Wakichimba hivyo, wanaharibu Kisese nyingine ambazo hatutazijua kamwe.

Swali ambalo sikupata wa kulijibu vizuri ni hili: nani humwona mchimba hazina kwanza? Walinzi ni wachache na eneo ni pana kuliko wilaya nyingine. Anayemwona ni mchunga mbuzi, mwanamke anayetafuta kuni, mzee aliyekwenda kuangalia mahali pake. Akiona kwamba mwamba ni wake, atapiga yowe. Akiona ni wa ofisi, atapita.

Kumbukumbu ya mwaka 1979

Warangi wana sababu ya kuliogopa neno hifadhi. Milima hii iliwahi kuwa mfano wa ardhi iliyokufa, makorongo mekundu yenye kina cha nyumba. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Karibu ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda 90,000 wakaondolewa.

Majani yalirudi, hilo hakuna anayelikana. Lakini maziwa yalitoka majumbani, na familia zikagawanyika, wengine wakifuata mifugo hadi nyikani. Kwa hiyo ofisa anapokuja na ramani na maneno mazuri kuhusu kulinda, mwenye umri wa kutosha anasikia mlio wa kengele za ng'ombe wakishuka mlima.

Kaya na Domboshava

Wenzetu wamejaribu njia tofauti. Pwani ya Kenya, misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, na wazee wa kaya wametambuliwa kuwa walinzi wake. Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, mgeni hupokelewa na watu wa kaya, hufungwa kaniki kiunoni, huambiwa nini asiguse na wapi asikanyage. Analipa, tena hulalamika kidogo kuliko anavyolalamika kwingine, maana anajua ameingia kwa watu.

Domboshava, karibu na Harare, kulikuwa na mfano wa kinyume. Mamlaka za uhifadhi zilipobana matumizi ya mlima wenye michoro na desturi ya kuomba mvua, ugomvi ulifika mahali ambapo mwaka 1998 mtu alipanda na rangi ya mafuta akaipaka michoro. Kuisafisha kulikuwa kazi ya wataalamu, na haikutoka yote.

Mimi sioni kwa nini Kolo isichukue kaniki ya Kinondo, kwa namna yake. Wazee wanaofanya tambiko wanajulikana. Wanaweza kukaa na watu wa mambo ya kale wakakubaliana pombe imwagwe chini ya mwamba wala si ukutani, moto uwashwe nje ya paa, siku za tambiko mgeni asipande. Niliposema hivyo kwa muongozaji wetu alinikumbusha kwa upole kwamba mizimu haikuulizwa. Ni kweli. Hata hivyo wazee wa kila mahali wanajua namna ya kuiuliza mizimu pale wanapotaka ikubali.

Kijiji kinauza nini

Fedha ndiyo sehemu iliyonichosha, kwa sababu majibu ni mafupi. Kiingilio kinakwenda serikalini. Kijijini kinabaki posho ya muongozaji, nauli ya bodaboda, soda, chapati na maharage. Nyumba za kulala wageni ziko Kondoa mjini, na mgeni wa Arusha anafanya hesabu ya kuamka Babati na kulala Babati.

Filamu ya Royal Tour ya kuitangaza Tanzania, iliyozinduliwa mwaka 2022, iliongeza hamu ya watu kuiona nchi hii, lakini hamu hiyo ilielekea zaidi kule ilikozoea, kwa simba na theluji. Kolo haina simba. Ina kitu cha kutazama polepole, kwa kuinama, na pengine kwa miwani. Vitu vya aina hiyo havijitangazi kwa picha ya drone.

Na sijui kama natamani watalii elfu kumi kwa mwezi wapande ule mteremko. Mapango yenyewe hayazidi ukubwa wa baraza ya nyumba. Vumbi la miguu peke yake ni adui wa ngeu. Kwa hiyo hesabu ya Kolo haiwezi kuwa hesabu ya Serengeti, na yeyote anayewaahidi wanakijiji hivyo anawadanganya. Wageni wachache wanaokaa siku mbili, wanaolala kijijini, wanaopelekwa Pahi asubuhi na Fenga jioni, wanaokula kwa mama wa pale: hiyo ni biashara ndogo, na inawezekana.

Tulishuka jua likiwa limeelekea Kondoa. Ofisini nikaomba tena kitabu cha wageni, nikisingizia kuangalia kama nimeandika tarehe sawasawa. Jina langu, na juu yake lile la siku tisa nyuma, la mgeni kutoka Ujerumani. Katikati hapana kitu. Kwa mujibu wa kitabu, juzi hakupanda mtu.